Kifaa Kingine, Siku Ileile

Katika video nyingi za kwaya zilizotengenezwa nchini Tanzania tangu enzi za kanda za VHS, yupo kijana anayepiga gitaa la umeme katikati ya bustani, amesimama juu ya majani mabichi, na gitaa lake halina waya. Pembeni yake kuna mpiga kinanda, na kinanda nacho hakijachomekwa popote. Nyuma yao maporomoko ya maji yanamwagika bila kelele hata kidogo. Mtazamaji haulizi umeme umetoka wapi wala maji yamenyamazishwa na nani, maana sote tunaujua utaratibu: kwaya iliingia studio kwanza ikarekodi albamu, kisha baada ya wiki au miezi ikakodi gari, ikavaa sare, ikaenda mahali penye mandhari, spika ikafunguliwa na watu wakafuatisha kwa midomo. Ndiyo pleibeki. Tumeizoea kiasi kwamba kijana wa Daraja Mbili, jijini Arusha, anayetaka kujirekodi akiimba sebuleni kwao, huona njia mbili tu mbele yake. Ama aegemeze simu kwenye kabati, aimbe, na akubali sauti yoyote itakayopatikana. Ama aende studio, arudi na wimbo uliokamilika, kisha ajifanye anauimba mbele ya kamera. Nataka kuitetea njia ya tatu, ambayo si ngeni duniani lakini kwetu haijapata wa kuisemea. Sauti inaswe na kifaa kingine kilichowekwa mahali pake, wakati uleule ambao kamera inanasa picha, na baadaye viwili hivyo viunganishwe. Nadai kwamba muungano huo unasikika vizuri kuliko njia ya kwanza na ni mkweli kuliko ya pili, ingawa fundi anayeuhariri na mtu wa pleibeki wanafanya kazi ileile ya kubandika sauti juu ya picha.

Tuanze na simu, kwa sababu sauti mbaya husingiziwa bei rahisi ya simu, na mara nyingi sivyo. Kipaza sauti cha simu kimeundwa kwa ajili ya mazungumzo. Nyuma yake kuna programu inayoshusha sauti ikizidi na kuipandisha ikififia, ili anayenong'ona na anayefoka wasikike sawasawa upande wa pili. Kwa mazungumzo hilo ni jambo jema. Kwa muziki ni balaa. Mwimbaji akipaza sauti kwenye kiitikio, simu inambana. Akinyamaza kuvuta pumzi, simu inainua kila kilichobaki chumbani, kuanzia feni hadi bodaboda inayopita nje. Programu ya kupunguza kelele nayo huweza kuudhania mlio mrefu wa filimbi au wa kinanda kuwa ni kelele, ikaumeza. Lakini kubwa kuliko yote ni umbali. Ili picha imwonyeshe mpigaji pamoja na gitaa lake, simu inarudishwa nyuma mita mbili au tatu. Ili sauti yake isikike ya karibu, kipaza sauti kinatakiwa kiwe shubiri mbili hivi kutoka kinywani. Matakwa haya mawili hayapatani, na hakuna simu ya bei yoyote itakayoyapatanisha, kwa kuwa jicho na sikio vimefungwa kwenye kifaa kimoja. Ongeza hapo nyumba zenyewe. Katika mitaa iliyosongamana ya Daraja Mbili, kama ilivyo Ngarenaro, Unga Limited au Sombetini, chumba cha kawaida kina kuta za tofali za saruji, sakafu ngumu, na mara nyingi bati lisilo na dari. Chumba cha namna hiyo hurudisha kila sauti mara kadhaa kabla haijafa. Kipaza sauti kilicho mita tatu kinasikia chumba kuliko kinavyomsikia mwimbaji, na masika yakiingia, mvua juu ya bati humaliza mjadala wote.

Mvutano huu kati ya sikio na jicho haukuletwa na simu. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, alipita kusini mwa nchi hii, kuanzia Lindi hadi kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde, akiwa amebeba fonografu ya silinda za nta na kamera ya sinema. Nyimbo alizinasa kwenye nta, ngoma alizinasa kwenye filamu isiyo na sauti. Mwimbaji wa fonografu ilimpasa asogeze uso kwenye pembe ya mashine na asibanduke hapo. Mchezaji wa mbele ya kamera alihitaji mwanga na nafasi ya kuzunguka. Mtu mmoja hakuweza kuyafanya yote mawili kwa pamoja. Sehemu ya urithi wetu wa mwanzo wa muziki ulionaswa kwa mashine, basi, ni sauti zisizo na miili na miili isiyo na sauti, na kazi ya kuzikutanisha ni ya kukisia tu, kwa sababu hazikuwahi kunaswa katika tendo moja. Mtu yeyote anaweza leo kuubandika wimbo wa nta juu ya filamu ya ngoma, na miguu ikaonekana kana kwamba inaufuata. Macho yataridhika. Lakini aliyeangalia hatakuwa amejifunza lolote kuhusu jinsi wimbo ule ulivyochezwa.

Baada ya uhuru, sauti iliendelea kutawala peke yake kwa muda mrefu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini bara ilibidi lisubiri hadi 1994. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, kundi zima likipiga pamoja mbele ya vipaza sauti vichache, na mmoja akikosea wimbo ulirudiwa. Arusha yenyewe ilikuwa na Arusha Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1970 na ndugu kutoka Tanga, wakiwemo Wilson na George Kinyonga, kabla hawajavuka mpaka kwenda Kenya mwaka uliofuata na kuunda Simba Wanyika. Wapenzi wao wengi hawakuwahi kuwaona wakipiga. Waliwajua kwa redio, kwa santuri na labda kwa picha ya jalada. Hata hivyo hakuna aliyekuwa na shaka kwamba alichokisikia kilipigwa na watu waliokuwa chumba kimoja kwa wakati mmoja. Rekodi za zama zile zilikuwa na uhakika huo bila kuutafuta, kwa sababu mitambo haikuruhusu vinginevyo. Wala tusiwapambe wanamuziki wa zamani kwa uaminifu ambao hawakupewa nafasi ya kuukiuka. Ninachosema ni kwamba msikilizaji wa Kitanzania alilelewa na rekodi ambayo ilikuwa shahidi wa tukio, na imani hiyo akaja nayo mbele ya televisheni.

Televisheni za binafsi zilipoanza, zilikuwa na njaa ya picha, na wanamuziki walikuwa na kanda za sauti. Kamera za mkononi zilikuwa na kipaza sauti duni. Kurekodi kwaya ya watu arobaini pamoja na ala zake nje ya studio kulitaka mitambo ambayo haikuwepo, au iliyopatikana kwa wachache sana. Suluhisho likawa hilo la kuchukua wimbo uliokwisha tengenezwa na kuutafutia picha. Siwalaumu waliofanya hivyo. Bila wao tusingekuwa na kumbukumbu yoyote ya sura za kwaya za miaka ile, na baadhi ya video hizo ni nzuri zenyewe, hasa zile ambazo mwongozaji alijali mchezo wa hatua kuliko maua. Lakini sababu iliyowalazimisha imekwisha. Leo kifaa cha kunasa sauti kinakaa kwenye kiganja, na simu ya pili katika nyumba moja si jambo la ajabu. Mazoea yamebaki yamesimama peke yake, kama jukwaa ambalo shughuli yake iliisha juzi na hakuna aliyekuja kulibomoa.

Ni muhimu kujua macho yana nguvu kiasi gani katika jambo hili, maana wengi hudhani kwamba muziki huhukumiwa kwa masikio. Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Harry McGurk na John MacDonald, walichapisha jaribio ambalo mpaka sasa linashangaza wanaolifanya kwa mara ya kwanza. Waliunganisha sauti ya mtu akisema "ba" na picha ya mtu akisema "ga", na watu wazima wengi waliotazama wakasema wamesikia "da", silabi ambayo haikutamkwa na yeyote. Jicho halikuongeza tu habari juu ya sauti; liliibadilisha sauti ndani ya kichwa cha msikilizaji. Mwaka 2013 Chia-Jung Tsay alitoa matokeo mengine yanayowaumiza wanamuziki zaidi. Aliwaonyesha watu vipande vifupi vya washindani wa mashindano ya muziki wa kizungu wa ala, akawataka wamtaje mshindi. Waliosikia sauti tupu walibahatisha. Waliotazama picha isiyo na sauti walimpata mshindi mara nyingi zaidi kuliko bahati inavyoruhusu, na wanamuziki wenye taaluma hawakuwa tofauti na watu wa kawaida, ingawa karibu wote walikuwa wameapa kwamba kinachowaongoza ni sauti. Aliyeizoea mitandao hatashangaa. Lakini hitimisho linalofaa si kwamba sauti haina maana, kwa hiyo tuvae vizuri na tupumzike. Kama macho ndiyo yanayotoa hukumu, basi anayetengeneza video ameshika mamlaka juu ya masikio ya watu, na akiyaonyesha macho tendo ambalo halikutoa sauti inayosikika, anaielekeza hukumu yenyewe mahali ambapo hakuna kitu cha kuhukumu.

Hapa nitapingwa kwamba video zote za muziki ni maigizo na hakuna aliyewahi kulalamika. X Plastaz, kundi la Arusha lililotoa albamu ya "Maasai Hip Hop" mwaka 2004 na kuichanganya michano ya mitaani na uimbaji wa Merege, Mmasai, hawakutegemea mtazamaji aamini kwamba kila mstari ulirekodiwa palepale kamera ilipokuwa. Video za Bongo Fleva hubadilisha nguo mara nne ndani ya ubeti mmoja. Ni kweli, na ndiyo maana hazidanganyi. Mabadiliko ya nguo yenyewe ni tangazo kwamba unachokiona ni filamu fupi iliyoshonwa juu ya wimbo. Mtu mmoja anapokaa kwenye kochi na gitaa, kamera imetulia, hakuna kipande kilichokatwa, pazia la nyumbani liko nyuma yake, anatangaza jambo tofauti. Anasema kwa mwili wake: hivi ndivyo ninavyopiga. Utulivu wa kamera ni ahadi. Akibandika hapo sauti iliyotengenezwa studio kwa siku tatu, na msaidizi aliyempigia sehemu ngumu, ameivunja ahadi hiyo, hata kama hakutamka neno. Akibandika sauti iliyonaswa na kinasa sauti kilichokuwa mezani mbele yake dakika ileile, ameitimiza vizuri zaidi kuliko simu peke yake ingeweza, kwa sababu mtazamaji sasa anasikia vidole vyake vikigusa nyuzi, kitu ambacho angekisikia kama angekuwa ameketi pale.

Sasa namna ya kuunganisha, maana hoja hii ingekuwa ya bure kama kazi yenyewe ingehitaji mitambo ya kituo cha televisheni. Vifaa vyote viwili vinawashwa na kuachwa vikiendelea. Mwimbaji anapiga kofi moja kali mbele ya kamera, ananyamaza kidogo, kisha anaanza. Kwenye programu ya kuhariri, kofi linaonekana kama mkuki uliosimama kwenye mchoro wa sauti ya simu, na mkuki wa namna hiyohiyo upo kwenye sauti ya kinasa. Unasogeza moja mpaka mikuki ipandane, unahakikisha kwamba fremu ambayo viganja vinakutana ndiyo hiyo, kisha unaizima sauti ya simu. Waliotengeneza sinema wamefanya hivi tangu filamu zianze kusema, na kile kibao cheusi kinachogongwa mbele ya kamera kina kazi hiyohiyo. Usahihi unaohitajika si wa kutisha. Picha ya fremu 25 kwa sekunde hubadilika kila baada ya milisekunde 40. Mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la ITU, linaloshughulikia mawasiliano chini ya Umoja wa Mataifa, lilitoa mwongozo unaosema kwamba watazamaji huanza kugundua kasoro pale sauti inapotangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, au inapochelewa kwa 125 hivi. Tazama jinsi viwango hivyo visivyolingana. Ulimwengu umetuzoesha sauti inayochelewa: anayepasua kuni ng'ambo ya korongo, kwenye miteremko ya Meru, shoka lake huonekana likitua kabla mlio haujafika, na hakuna anayeshtuka. Sauti inayotangulia tendo lake haipo popote duniani, ndiyo maana tunaigundua upesi. Fundi asiye na uhakika, basi, aicheleweshe sauti kidogo badala ya kuiwahisha.

Yapo mambo mawili yanayowakatisha tamaa wanaojaribu, nayo yanaelezeka. La kwanza ni kwamba wimbo unaanza sawasawa, lakini kadiri unavyosonga midomo inaachana na maneno. Kila kifaa kina saa yake ya ndani, na saa mbili hazilingani kamwe. Zikitofautiana kwa sehemu 50 katika kila milioni, wimbo wa dakika nne utapotoka kwa milisekunde 12, ambazo hakuna atakayeziona. Tamasha la saa moja litapotoka kwa milisekunde 180, na hapo mwenye macho ataona. Kwa wimbo mmoja kofi moja linatosha. Kwa ibada au tamasha zima, lipigwe jingine mwishoni, ili fundi ajue anyooshe au abane kiasi gani, au akate kati ya wimbo na wimbo na kupanga upya. La pili ni kwamba simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kufuatana na mwanga, na baadhi ya programu za kuhariri huchanganyikiwa. Dawa ni mwanga wa kutosha, au kuibadilisha video iwe ya fremu zisizobadilika kabla ya kuihariri. Programu za kazi hii zipo bila malipo. DaVinci Resolve ina toleo la bure la kompyuta linaloweza kupanga sauti mbili lenyewe kwa kulinganisha michoro yao, na wenye simu tu wanaweza kusogeza kwa mkono kwenye CapCut.

Watasema kwamba hata hivyo ni gharama na usumbufu kwa mtu anayetafuta bando la kupakia video yenyewe. Sikubali kwamba ni gharama. Kifaa cha pili kinaweza kuwa simu ya dada au ya jirani, ikiwekwa karibu na mwimbaji, nje kidogo ya picha, sehemu yenye kipaza sauti ikimwelekea. Godoro lililosimamishwa nyuma ya kamera na mablanketi juu ya viti hupunguza mwangwi wa saruji kuliko programu yoyote. Usumbufu upo, nakubali. Ni nusu saa zaidi kwa wimbo mmoja. Lakini mtu huyohuyo hutumia saa nzima kuchagua shati, na matokeo ya Tsay yanaonyesha kwamba hakosei kuchagua shati. Namwomba tu sikio nalo lipewe nusu saa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mafundi wenyewe. Watasema: ukishaitoa sauti kwenye simu na kuiingiza kwenye kompyuta, utaisafisha, utaiongezea mwangwi mtamu, utapunguza besi, pengine utainyoosha noti iliyopinda, sasa tofauti yako na mtu wa pleibeki iko wapi? Mpaka upo, ingawa una sehemu yenye ukungu. Kupunguza mvumo wa jokofu, kusawazisha sauti ya mtu na ya gitaa, hata kuongeza mwangwi ili sebule isikike kama kanisa, ni mambo yanayohusu namna tunavyolisikia tendo. Tendo limebaki lilelile: mahali alipovuta pumzi, alipoharakisha, alipokosa na kujirudi. Kuchukua ubeti wa pili kutoka siku nyingine na kuupachika chini ya picha ya leo ni kubadilisha kilichotokea. Kunyoosha noti kwa programu kuko katikati, na uamuzi wangu ni kwamba noti moja ikinyooshwa dunia haitaanguka, lakini anayenyoosha wimbo mzima ameacha kuonyesha anavyoimba. Anaweza kufanya hivyo, ila aibadilishe picha pia, awe na video ya wimbo kama watu wengine.

Na je, pale ambapo tendo moja haliwezekani kabisa? Mwaka 2010 mtunzi wa Marekani, Eric Whitacre, aliunganisha waimbaji 185 wa nchi 12, kila mmoja akiwa amejirekodi peke yake nyumbani, wakawa kwaya ambayo haikuwahi kukutana. Tarehe 18 Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa sababu ya korona, Rolling Stones walipiga kila mtu akiwa kwake katika tamasha la One World: Together at Home, na mpiga ngoma wao, Charlie Watts, alionekana akipiga masanduku ya vyombo na mkono wa kochi huku ngoma halisi zikisikika. Watazamaji walicheka kwa furaha. Mifano hii ingetakiwa kuiangusha hoja yangu, maana sauti na picha hazitokani na tendo moja hata kidogo. Haiiangushi, kwa kuwa mshono uko nje. Skrini yenye vyumba 185 haiwezi kumdanganya mtu kwamba ni chumba kimoja, na mzee anayepiga masanduku hajaribu kumshawishi yeyote kuwa ni ngoma. Kijana anayejigawa mara nne kwenye skrini moja, akiimba sauti ya kwanza hadi ya nne, yuko kwenye fungu hili naye ni halali kabisa. Pleibeki ya sebuleni iko fungu jingine kwa sababu umahiri wake wote unapimwa kwa jinsi inavyouficha mshono.

Linabaki neno la watu wa kwaya, ambalo naliheshimu kuliko mengine: wimbo wa injili ni wa kuwafikia watu, na aliyebarikiwa hajali ulirekodiwa lini. Yawezekana. Lakini kwaya si ujumbe peke yake, ni watu pia. Kwa utaratibu wa pleibeki, wanaoonekana kwenye video si lazima wawe walioimba. Studio ndogo haibebi watu arobaini, hivyo sauti chache zenye nguvu huweza kuimba kwa niaba ya wote. Kisha siku ya picha sare zinajaa, na yule mama wa sauti ya kwanza aliyeubeba wimbo huenda amehama au amefiwa, hayumo. Miaka ishirini ikipita, wajukuu watatazama midomo ya watu wengine ikitoa sauti ya bibi yao. Tumeshalionja hilo kwa njia nyingine kwenye rekodi za zamani za redio, ambapo sauti tunazo na nyuso hatuna. Ni ajabu kulitengeneza upya sasa kwa hiari, tukiwa na kamera kila mahali. Na kuna upande wa riziki. Video ya nyumbani ndiyo barua ya maombi ya mwanamuziki wa leo, kwa harusi, kwa hoteli za watalii, kwa matamasha. Sauti za Busara la Zanzibar, linalofanyika tangu 2004, limejijengea jina kwa kushikilia kwamba jukwaani watu wapige na kuimba kweli. Mwanamuziki aliyezoea kuficha mshono atafika mbele ya jukwaa la namna hiyo bila kuwa na rekodi hata moja inayoonyesha anachoweza kufanya kwa dakika nne mfululizo.

Sidai kwamba njia hii haina hasara. Aliyeimba na kinasa sauti mbele yake hawezi kulaumu studio; kila kikohozi ni chake. Wapo waimbaji wazuri ambao kamera huwakausha koo. Wapo pia wasikilizaji ambao masikio yao yamezoea sauti iliyopigwa pasi kiasi kwamba sauti ya mtu aliye chumbani wataiona dhaifu. Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua, kwa sababu halitibiki kwa kofi wala kwa programu. Litatibika kwa kusikiliza rekodi nyingi za kweli, na rekodi hizo lazima zianze kutengenezwa mahali fulani.

Arusha ina nafasi nzuri ya kuanza. Kwaya zake ni nyingi, vijana wake wa michano wamezoea kujitengenezea mambo yao wenyewe, na pale Usa River, mwendo mfupi kutoka mjini, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kinafundisha muziki hadi ngazi ya shahada. Kazi ya kurekodi kwaya moja ya mtaani, sauti kwa vifaa vyake na picha kwa kamera yake, saa ileile, ingefaa kuwa zoezi la mwanafunzi kila mwaka. Viongozi wa kwaya, hata kama bajeti ya albamu imeshapangwa na bustani imeshalipiwa, tengeni wimbo mmoja tu uimbwe na wote, kanisani kwenu, kinasa sauti kikiwa mbele na kamera ikiwa nyuma, na mwache kikohozi kibaki. Na wewe wa Daraja Mbili mwenye simu moja, azima ya pili, simamisha godoro, piga kofi, imba mpaka mwisho, kisha chini ya video andika tarehe na majina ya wote waliopiga.